Gitaa la umeme la mtindo wa zamani: kagua shingo kwanza, rangi baadaye

Na Mwandishi Wetu, Rumonge

KATIKA mizigo inayovuka mpaka wa Manyovu na Mugina, msomaji amezoea kuona vitenge, sabuni, betri na vyombo vya plastiki. Siku hizi kuna mzigo mwingine ambao vijana wa kwaya na wa bendi za harusi huku Rumonge na Nyanza-Lac wanawaagiza wafanyabiashara: gitaa la umeme, hasa lile lenye umbo na rangi ya magitaa ya miaka ya 1950 na 1960.

Tatizo ni kwamba anayetumwa kulinunua mara nyingi hajui kulipiga, na anayejua kulipiga hana nauli ya kwenda kulichagua. Hapo ndipo fedha za watu zinapopotea.

Mimi ni mwalimu wa hisabati na fizikia. Nimezaliwa na kusoma katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, na nilirejea Burundi mwaka 2009. Nalea kikundi cha vijana 16, nusu yao watoto wa waliorejea, nusu yao watoto wa waliobaki. Mwaka 2023 walichanga kwa miezi tisa, wengi wao kwa vibarua vya kuvuna michikichi siku za Jumamosi, wakanikabidhi fedha niende kuwanunulia gitaa.

Naomba msomaji aelewe uzito wa fedha zile. Kwetu waliorejea na waliobaki wamegombea mashamba hadi mbele ya mabaraza. Mfuko ule ulikuwa kitu cha kwanza ambacho watoto wa pande zote mbili walikimiliki kwa pamoja. Kama ningerudi na gitaa bovu, isingekuwa hasara ya chombo tu. Wazazi wangeanza kuulizana fedha zilishikwa na nani, na kikundi kingevunjika siku hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo naandika makala haya kwa mfanyabiashara anayetumwa na kwa kijana anayetuma, ili wote wawili wajue wanachokitafuta.

Kwa nini mtindo wa zamani?

Mtu anaweza kudhani ni suala la urembo. Kwa kiasi fulani ni kweli. Sisi tuliokulia makambini na kwenye makazi tuliyafahamu magitaa kwa redio kabla ya kuyaona kwa macho: Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, Franco na OK Jazz, Dr Nico Kasanda. Ulyankulu kwenyewe, ambako vijiji vilitambulika kwa namba za barabara, kwaya ya Barabara ya 13 ilisikika Tanzania nzima kwa kanda zake. Masikio yetu yalilelewa na sauti safi ya gitaa, inayong'aa kama kengele, bila mkwaruzo.

Sauti hiyo inatokana na ufundi. Gitaa la umeme halitegemei uwazi wa mbao kama lile la kawaida. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa katika waya ule, kisha amplifaya huukuza. Wenyewe hukiita kifaa hicho pikapu. Magitaa ya mtindo wa zamani mengi yana pikapu za koili moja, ambazo hutoa sauti nyembamba na wazi. Katika muziki wetu, ambamo solo, solo la pili, ridhimu na besi hupishana bila kukanyagana, sauti ya namna hiyo ndiyo inayofaa.

Sababu ya pili, na kwangu ndiyo kubwa, ni urahisi wa kutengeneza. Leo Fender wa California, aliyekuwa fundi redio na ambaye yeye mwenyewe hakuwa mpiga gitaa, alitoa gitaa lake la kwanza la aina hiyo mwaka 1950. Mwaka uliofuata likapewa jina la Telecaster. Ni ubao mmoja uliokatwa umbo, na shingo iliyofungwa kwa skrubu nne. Lina pikapu mbili, swichi moja yenye nafasi tatu, kifundo cha sauti na kifundo cha besi na treble. Mwaka 1954 ikafuata Stratocaster yenye pikapu tatu.

Kwa fundi wa redio wa Rumonge, Telecaster ni kitu anachoweza kukifungua na kukifunga bila kuuliza mtu. Aidha, skrubu nne zikifunguliwa, shingo na kiwiliwili hutengana na kuingia kwenye begi la nguo. Kichwa chake ni bapa, hakikuinama kuelekea nyuma kama cha magitaa ya mtindo wa Gibson, ambayo huvunjika kirahisi hapo yakianguka. Anayesafiri kwa basi au treni kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ataelewa umuhimu wa jambo hilo.

Yale yenye mikono ya kutetemesha sauti na vikufuli kichwani, vijana huyapenda kwa kuyaona kwenye video. Ushauri wangu ni kuyaacha. Uzi mmoja ukikatika katikati ya harusi, nyingine tano nazo hutoka kwenye tuni.

Majina na bei

Gitaa la zamani halisi, la miaka ya 1950, ni mali ya wakusanyaji matajiri. Tunachokitafuta sisi ni gitaa jipya au la mtumba lililoundwa kwa mfano wa lile la zamani.

Fender wenyewe wana jina la bei nafuu, Squier, lililoanza kutumika kwa magitaa ya Japani mwaka 1982 na baadaye yakatengenezwa Korea, China na Indonesia. Toleo la Affinity ni la bei ya chini. Classic Vibe, lililoanza mwaka 2008, ni la bei ya juu kidogo na ndilo lenye sura ya kizamani zaidi. Yamaha nao wana Pacifica, iliyotoka mwaka 1990. Haijifanyi ya zamani sana, lakini imeundwa kwa uangalifu na haisumbui. Wenye ndugu Ulaya wanaweza kuagiza Harley Benton, jina la duka la Thomann la Ujerumani, ambalo ni miongoni mwa magitaa ya bei ndogo kabisa yanayostahili fedha yake.

Sisi tulipata Squier ya mtumba Kariakoo kwa Sh480,000 za Tanzania, baada ya kuzunguka siku mbili. Muuzaji wa duka la kwanza alinionyesha gitaa jipya linalong'aa lenye jina la Fender kichwani. "Mwalimu, hii orijino kabisa, imetoka Marekani," aliniambia. Bei yake ilikuwa chini ya ile ya Squier ya mtumba. Nilimshukuru nikaondoka. Anayeghushi huandika jina kubwa kwa sababu ndilo linalopandisha bei. Afadhali gitaa lisilo na jina kabisa, ambalo halikudanganyi, kuliko lenye jina la uongo.

Usitumie fedha zote kwenye gitaa. Tenga sehemu kwa ajili ya nyuzi seti tatu, kebo mbili na begi. Na kama unanunua amplifaya, soma kibati cha nyuma. Umeme wetu ni wa volti 220 na zaidi. Amplifaya za mtumba kutoka Japani zimeundwa kwa volti 100, na za Marekani kwa volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja, itaungua mbele ya macho yako. Ama nunua yenye maandishi ya 220 au 230, ama uongeze bei ya transfoma ya kushushia umeme.

Namna ya kukagua dukani

Hata asiyejua kupiga anaweza kuifanya kazi hii akiwa na macho, rula na mita ya fundi umeme.

Kwanza, lishike gitaa kama seremala anavyokagua ubao, jicho moja likiwa limefumbwa, utazame shingo kutoka kichwani kwenda chini. Kupinda kidogo kwa mbele kunarekebishika. Kujisokota, upande mmoja ukiwa juu na mwingine chini, hakurekebishiki. Liache.

Pili, ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayopambana na mvuto wa nyuzi. Katika Squier nyingi, tundu la kuirekebisha lipo kichwani au karibu yake. Ingiza spana ya pembe sita uone kama inakamata. Tundu lililolika ni dalili kwamba aliyetangulia alitumia nguvu, na shingo ile haitarekebishika tena kirahisi.

Tatu, piga kila uzi kwenye kila freti, moja baada ya nyingine. Si lazima ujue wimbo. Sikiliza tu sauti inayokufa au inayovuma kama nzi. Freti moja ikiwa na kasoro, fundi anaweza kuisugua. Zikiwa nyingi, freti zimelika au zimenyanyuka.

Nne, tazama nyuzi mbili za pembeni. Ziwe na umbali unaolingana na kingo za shingo. Uzi wa kwanza ukiwa karibu kuanguka nje, shingo imefungwa upande. Mara nyingi dawa yake ni kulegeza zile skrubu nne, kuisukuma na kukaza tena, lakini jambo hilo likupe nafasi ya kupunguziwa bei.

Tano, umeme. Pasipo na amplifaya, chomeka kebo kwenye gitaa, fungua sauti hadi mwisho, kisha pima kwa mita kwenye ncha ya pili ya kebo. Kwa pikapu za koili moja, kilo-omu sita hadi nane ni kawaida. Badili swichi upime tena. Mita isiposogea kabisa kwenye nafasi moja, ama pikapu imekatika, ama waya umeachia. Waya ulioachia hulehemiwa kwa dakika tano. Pikapu iliyokatika lazima inunuliwe nyingine.

Pale forodhani

Wafanyabiashara wadogo wamezoea cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambacho husaidia kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000. Wapo wanaodhani kwamba gitaa lililonunuliwa Dar es Salaam linaingia humo. Haliingii. Cheti kile ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, na gitaa letu limeundwa China au Indonesia. Burundi ilijiunga na Jumuiya mwaka 2007, na kuanzia 2009 inatumia ushuru wa pamoja kwa bidhaa kutoka nje. Kwa hiyo, chukua risiti yenye bei halisi na jina la bidhaa, uitangaze. Asiye na risiti, pale duwani, kama wengi wetu tunavyopaita, hukadiriwa, na makadirio ni nadra kumpendelea mwenye mzigo.

Kulitengeneza likishafika

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanadhani gitaa likitoka dukani liko tayari. Gitaa la bei nafuu lililotengenezwa vizuri mezani hushinda gitaa la bei mbaya ambalo halikuguswa. Nililifanya kazi hii darasani mbele ya vijana wote, kwa mpangilio, na mpangilio huo una sababu: kila hatua hubadilisha inayofuata.

Anza na nyuzi mpya. Seti ya 10 hadi 46 inatosha kwa mtindo wetu. Magitaa mengi ya kizamani yana vifundo vyenye mfereji katikati na tundu la kushuka chini. Huko uzi hukatwa kwanza, ukiacha urefu wa kufika karibu vifundo viwili mbele, ncha inaingizwa tunduni, ndipo unazungushwa mara mbili au tatu. Tuni, uvute uzi kwa vidole, utuni tena hadi utulie. Programu ya kutuni ya simu inatosha.

Hatua ya pili ni shingo. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na kiwiliwili, kisha tazama nafasi iliyopo juu ya freti ya nane. Inatakiwa kama robo ya milimita. Huna kipimo? Kipande cha uzi wa kwanza namba 10 kina unene huo huo. Kipitishe hapo. Kikipita kwa kulegea sana, shingo imepinda mbele, kaza fimbo ya ndani kwa kuzungusha kulia. Kisipopita, legeza kwa kushoto. Usizidishe robo ya mzunguko kwa mara moja, utuni tena, usubiri, ndipo upime. Ikigoma, usilazimishe.

Tatu ni kimo cha nyuzi. Kipimo cha Fender kwa magitaa yao ni karibu milimita 1.6 juu ya freti ya 17. Kwa vijana wetu wanaopiga kwa nguvu, nilipandisha hadi karibu milimita mbili ili nyuzi zisigonge freti. Vijiskrubu vya kwenye daraja la nyuzi ndivyo vinavyopandisha na kushusha.

Nne ni usahihi wa sauti shingoni. Hapa somo la hisabati lilipata uhai. Urefu wa uzi wa gitaa hili ni milimita 648. Freti ya 12 ipo nusu ya njia, milimita 324, na uzi uliokatwa nusu hutoa sauti ile ile kwa kimo cha juu yake. Lakini unapoubonyeza unaunyoosha kidogo, na sauti inapanda. Ndiyo maana daraja husogezwa. Tuni uzi ukiwa wazi, kisha bonyeza freti ya 12. Simu ikionyesha sauti imezidi, rudisha daraja nyuma, mbali na shingo. Ikipungua, lisogeze mbele. Telecaster za kizamani zina vipande vitatu tu, kila kimoja kikibeba nyuzi mbili, kwa hiyo lazima upatanishe. Zenye vipande sita ni rahisi zaidi, na kwa kikundi kinachoanza ningechagua hizo.

Mwisho ni kimo cha pikapu. Bonyeza freti ya mwisho, upime kutoka pikapu hadi uzi: karibu milimita 2.4 upande wa nyuzi nene, na mbili upande wa nyembamba. Wengi huzipandisha juu wakitaka kelele zaidi. Sumaku ikikaribia mno huvuta uzi, na gitaa lililotuniwa vizuri husikika kama limeharibika.

Mlio wa umeme na hatari yake

Pikapu za koili moja huokota mvumo wa umeme wa nyumba, na mvumo mdogo ni wa kawaida. Ukigusa nyuzi ukapungua, waya wa ardhi wa gitaa uko sawa.

Lakini ukigusa nyuzi ukapigwa shoti, hilo si jambo la gitaa. Ni amplifaya au nyaya za ukumbi, na ni hatari ya kifo. Mwaka 1972, huko Swansea nchini Uingereza, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifariki jukwaani baada ya kugusa maikrofoni ambayo haikuwa na waya wa ardhi. Kwenye harusi zetu, ambako jenereta huletwa usiku na nyaya hupita kwenye majani yenye umande, hatari hiyo ni ile ile. Kijana asiguse maikrofoni na nyuzi kwa pamoja kabla fundi umeme hajapima. Kwaya moja ya huku iliendelea kupiga mwaka juzi huku mwimbaji akilalamika kwamba mdomo unamuwasha akikaribia maikrofoni. Walimwambia avumilie. Kilichomwokoa ni viatu vikavu vya raba.

Kwa wanaovuka mpaka

Gitaa letu limeshapigwa kwenye harusi nyingi tangu 2023. Nusu ya malipo hununua sare na madaftari, nusu huingia kwenye mfuko, na daftari la mfuko hushikwa na vijana wawili, mmoja wa kila upande. Nyimbo wanazipanga kwa Kirundi na Kiswahili, na sijawahi kusikia wakibishana lugha ipi itangulie. Wanabishana nani apige solo.

Kinachotukwamisha ni vitu vidogo. Uzi wa kwanza ukikatika leo, hapa mjini huupati. Tundu la kebo likilegea, tunasubiri mtu anayetoka Kigoma. Mfanyabiashara anayevuka na magunia haoni faida ya seti kumi za nyuzi, lakini seti kumi zinaingia mfukoni na haziozi kama dagaa. Zifunge kwenye nailoni zisipate kutu ya unyevu wa ziwani, na hakikisha pakiti imeandikwa 10-46. Ongeza kebo mbili, matundu ya kebo matatu na risasi ya kulehemia. Wateja wapo, na ukifika uliza kwa mwalimu yeyote anayelea kwaya. Atakuelekeza.